Tundu la Panya, na Wajibu wa Kuyachungua Maji Yaliyo Chini ya Mashamba

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyetupa maji yakawa uhai wa kila chenye roho, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote.

Amma baad. Ndugu zetu wa pwani waliokwenda Omani na nchi za Ghuba kutafuta riziki hurudi na suala moja, nalo ni hili: huko, maji ya vyoo na ya majikoni hukusanywa kwa mabomba, yakasafishwa katika viwanda, kisha yakapelekwa kwenye bustani na mashamba. Je, maji hayo ni twahara? Na vioteshwavyo kwayo huliwa? Suala hili ni jema, na jawabu lake limekwisha kutolewa na wanazuoni wakubwa kuliko mimi. Nitalitaja kwa ufupi. Walakini nyuma yake liko suala jingine ambalo ni wachache wanaoliuliza, nalo kwangu mimi ni zito zaidi. Maji hayo yakisha kumwagwa shambani, na mimea ikanywa haja yake, yaliyobaki huenda wapi? Na ni juu ya nani kuyafuata hatta ajue yamekwenda wapi na yamefanya nini?

Tuanze na hilo la kwanza, tulimalize. Mwaka 1398 wa Hijria, nao ni 1978 wa Miladi, Baraza la Wanazuoni Wakubwa la Saudia lilitoa uamuzi wake wa 64, kwamba maji machafu yakisafishwa kwa njia kamilifu hatta isibaki rangi ya najsi wala ladha yake wala harufu yake, yamerudi kuwa twahara, na yafaa kuondolea hadathi na najsi. Mwaka 1409, nao ni 1989, Baraza la Fiqhi la Makka likaamua mfano wa hayo, baada ya kuwasikiliza mabingwa wakieleza jinsi maji yanavyotuzwa hatta taka zishuke, yakatiwa hewa, yakauliwa vijidudu, yakatiwa klorini. Hao wa mwanzo waliongeza neno ambalo wasomaji wengi hulipita mbio: kwamba ni bora kujiepusha na kuyanywa maji hayo kila inapowezekana, si kwa kuwa ni najsi, bali kwa kuhifadhi afya na kuogopa madhara. Tafadhali lishike neno hilo, ndugu msomaji, maana limegawa mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Twahara ni jambo moja, na usalama ni jambo jingine.

Katika madhehebu yetu ya Shafi hayo yameelekea. Mwanafunzi wa chuo anajua kwamba maji yakifika kullatein, nayo ni kama lita 200, hayanajisiki kwa kuingiwa na najsi illa yakigeuka rangi au ladha au harufu. Maji yaliyo chini ya ardhi ni kullatein mara elfu na elfu. Basi maadam hayakugeuka katika sifa zake hizo tatu, mtu hutawadha kwayo na swala yake ni sahihi, wala haimpasi kuuliza juu yake lilikuwako shamba gani. Hukumu hii ni rehema. Wanazuoni waliiweka ili mwenye kuswali asiingiwe na waswasi, akawa amesimama kisimani tangu alfajiri hatta jua likachomoza, ana shaka na kila tone.

Lakini tazama yale yanayoshuka pamoja na maji. Maji yaliyosafishwa hubaki na chumvi, maana kiwanda cha kawaida huondoa uchafu wala hakiondoi chumvi. Hubaki na naitrojeni, ambayo ikifika ardhini hugeuka naitreti; na naitreti huyayuka katika maji kama sukari, isishikwe na udongo, ikashuka yanakoshuka maji. Hubaki na boroni kidogo itokayo katika sabuni za kufulia, na milimau na michungwa hudhurika kwayo hatta ikiwa haijafika miligramu moja katika lita. Sasa fanya hesabu, ndugu yangu, kama ufanyavyo hesabu ya zaka. Ukiimwagia hekta moja maji ya kimo cha mita moja kwa mwaka, na hayo si mengi katika nchi ya joto na ukavu, umeimwagia lita milioni 10. Ikiwa kila lita ina gramu moja ya chumvi, umetia katika hekta ile tani 10 za chumvi kwa mwaka mmoja. Jua huyachukua maji, mimea huyachukua maji, na chumvi hubaki. Ama isukumwe chini kwa maji ya ziada, ama ipande juu iue mimea. Na ikiwa kila lita 1,000 zina gramu 30 za naitrojeni, umetia kilo 300, nazo ni zaidi ya inavyoweza kula mimea mingi ya nafaka katika msimu wake. Ziada hiyo haikupotea, ila imeshuka.

Shirika la Afya la Ulimwengu limeweka kwamba maji ya kunywa yasizidi miligramu 50 za naitreti katika lita, kwa ajili ya watoto wachanga wanaochanganyiwa maziwa ya unga kwa maji ya kisima. Naitreti ikizidi, damu ya mtoto hushindwa kuchukua hewa, akageuka rangi ya samawati midomoni na kuchani, na huenda akafa. Na maji hayo, ndugu zangu, ni meupe, ni matamu, hayana harufu. Katika sifa zile tatu hayakugeuka hatta moja. Mwanachuoni akiulizwa juu yake atasema ni twahara, na amesema kweli. Mtoto akiyanywa atadhurika, na hilo nalo ni kweli. Basi mwenye kusema, "Maji haya wanazuoni wamekwisha kuyahalalisha, ya nini kuyapimapima?" amechukua jawabu la suala moja akalijibia suala la pili.

Watu hujibu kwa kaida mashuhuri, kwamba yakini haiondolewi na shaka. Asli ya maji ni kuwa mazuri, na mwenye kudai yameharibika alete ushahidi. Nami naiheshimu kaida hiyo, na nimeisomesha miaka mingi. Lakini kila kaida ina mahali pake. Yakini unayoishikilia ni yakini ya maji yaliyokuwa hayajaingiwa na kitu. Wewe mwenyewe umefungua mfereji wa maji mapya juu ya ardhi ile, kila siku, mwaka baada ya mwaka, na unajua kilichomo. Hapo asli imekutana na dhahiri, na wanafiqhi wetu wana mlango mzima juu ya kukutana kwa viwili hivyo. Hawakusema daima kwamba asli ndiyo ishindayo. Na tena kaida ile ni ya kumpumzisha mtu katika ibada yake mwenyewe. Haikuwekwa kuwa ngao ya mtu katika haki ya jirani yake.

Iko hukumu nyingine katika mlango wa maji ambayo naiona inafaa zaidi hapa, ijapokuwa wanaoisoma huidhani ni ya ndoo na mitungi tu. Maji mengi yaliyogeuka kwa najsi, yakiondokewa na kule kugeuka yenyewe, au kwa kuongezewa maji, yamekuwa twahara. Lakini mtu akitia zaafarani au miski, na harufu mbaya isisikike tena, hayakutwahirika. Hatta akitia udongo au chokaa, kauli yenye nguvu ni kwamba hayakutwahirika maadam yamechafuka kwa udongo ule. Sababu ni nini? Sababu ni kwamba hatujui kama sifa mbaya imeondoka au imefichwa. Yakitulia yakatakata na mgeuko usionekane, hapo hujulikana. Basi angalia jinsi sharia ilivyokataa kukuhesabu kufichika kuwa ni kuondoka, ikamtaka mtu angoje na atazame. Na shamba ni nini ila udongo mwingi uliotiwa juu ya maji? Sisemi kwamba udongo hausafishi. Wallahi husafisha sana: vijidudu vya choo vingi hunasa katika udongo mzuri wenye kina, fosforasi hushikwa, na madini mazito aghlabu hubaki katika tabaka ya juu. Lakini chumvi na naitreti hupita. Udongo umeyaondoa baadhi na umeyaficha baadhi, na hajui yepi kwa yepi ila mwenye kupima.

Sasa tufike kwenye tundu la panya.

Imetajwa katika vitabu vya madhehebu yetu, na miongoni mwavyo ni Raudhat al-Talibin cha Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijria, mas-ala ya mtu aliyeimwagia maji ardhi yake, maji yakapita katika tundu la panya au ufa, yakatokea katika ardhi ya mwenziwe yakaharibu mazao yake. Je, atalipa? Wakasema: halipi, kwani ametumia milki yake kama desturi ya watu. Illa akiwa amemwagia kupita desturi, au alikuwa akilijua tundu lile asifanye hadhari. Hapo dhamana ni juu yake.

Hukumu hii ni ya insafu, na kila mkulima ataikubali. Lakini ukiipeleka kwenye mashamba ya leo, huzaa mushkili mkubwa, na mushkili huo ndio ulionifanya niandike karatasi hizi. Ikiwa mtu hupaswa na dhamana kwa kulijua tundu, basi mwenye hila atasema: "Mimi sitalitafuta. Nisipochimba kisima cha kupimia, sitajua, nisipojua, silipi." Kutojua kumekuwa kwake nyumba ya kukimbilia. Na jirani yake mwema, aliyepima kwa kumcha Mungu akaona chumvi inashuka, huyo ndiye anayebeba mzigo. Je, sharia yaweza kukusudia kumlipa mema mwenye kufumba macho, na kumwadhibu mwenye kuyafumbua?

Nasema: hasha. Na ubainifu wake ni kwamba tundu la panya ni jambo la nadra na la kushtukiza. Hakuna desturi ya kumtaka mkulima aipekue kila shubiri ya ardhi yake kabla ya kufungua maji. Kungekuwa ni kumkalifisha. Lakini nyufa za chini ya shamba la maji yaliyosafishwa si za nadra. Zajulikana kwa jinsi yake kabla ya kujulikana kwa mahali pake. Kila ardhi inavuja, na kila maji ya ziada hushuka, na mwenye shamba anajua hilo kama ajuavyo kwamba moto huruka penye upepo. Wanafiqhi wamesema juu ya mtu aliyewasha moto katika milki yake ukaruka kwa jirani: akiwasha katika siku ya upepo mkali, atalipa. Wala hawakusema, "Hatuna hakika kama alijua ni cheche ipi itakayoruka." Kuujua upepo kulitosha.

Basi kwa fahamu yangu, mwenye kumwagia maji haya, awe mtu mmoja au serikali au shirika, ni katika hukumu ya mwenye kulijua tundu tangu siku ya kwanza. Lililobaki juu yake ni ile hadhari. Na hadhari katika jambo lisiloonekana haina sura nyingine ila kulichungua.

Na kuchungua kwenyewe si uganga wala si jambo la kuogofya. Huchimbwa visima vyembamba, upana wa bomba tu, havikuchimbwa kwa kunywa bali kwa kutazamia. Kimoja au viwili huwekwa upande wa juu, yanakotoka maji ya chini kabla ya kufika shambani, na vingine upande wa chini yanakoelekea. Cha juu ni shahidi wa hali ya asili, na cha chini ni shahidi wa lililotendeka. Mwenye kuwa na cha chini peke yake hawezi kujua kama chumvi ni yake au ni ya jirani yake wa juu, na atagombana bure. Hupimwa kina cha maji, maana kikipanda hatta kikaribie mizizi, chumvi hupanda nacho. Hupimwa jinsi maji yanavyopitisha umeme, kwa kichombo kitoshacho kiganjani, kwani maji yenye chumvi huupitisha umeme zaidi. Watu wa Shirika la Chakula na Kilimo wameandika tangu 1985 kwamba maji ya kumwagilia yaliyo chini ya desisimensi 0.7 kwa mita hayana shaka kwa upande wa chumvi, na yaliyozidi 3 yana khatari kubwa. Hupimwa naitreti, na kloridi, na boroni, na vijidudu vya choo. Na penye mitaro ya kutolea maji shambani, mtaro nao hupimwa: umetoa maji kiasi gani, na yana chumvi kiasi gani. Kisha hufanywa hesabu ya mfanya biashara. Chumvi iliyoingia, toa chumvi iliyotoka kwa mtaro. Iliyobaki imo katika udongo, au imeshuka kwenda kwenye visima vya watu. Na iliyotoka kwa mtaro nayo imekwenda kwa mtu, wala isisahauliwe.

Jambo lililo kubwa kuliko yote, na ndilo lisahauliwalo sana, ni kupima kabla ya kuanza. Asiyejua kisima kilikuwaje mwaka wa kwanza, mwaka wa kumi atakuwa na karatasi zenye tarakimu zisizosema neno. Nao upimaji huu hautaki mwaka mmoja. Maji ya chini hutembea polepole, pengine hatua chache kwa mwaka. Yaliyomwagwa leo huenda yakamfikia jirani baada ya kufa aliyeyamwaga. Hapa ndipo palipo na fitina ya nafsi. Dhara ikimkuta mtu siku ile ile, hujizuia. Ikimkuta mjukuu wa jirani yake, hupata usingizi mzuri.

Na haya si ya kuwaziwa tu. Huko Tunisi, katika mashamba ya La Soukra, wakulima walianza kumwagilia michungwa na milimau kwa maji yaliyosafishwa tangu 1965, kwa sababu walikuwa wamevivuta visima vyao mno hatta bahari ikaingia. Maji ya mji yaliiokoa miti. Sheria yao ya 1989 ikaja ikakataza maji hayo kwa mboga ziliwazo mbichi. Huko Salalah, katika Omani, tangu 2003 maji yaliyosafishwa hutiwa ardhini kwa makusudi, kwa safu ya visima vilivyo sambamba na pwani, ili yawe kama ukuta uzuiao maji ya bahari yasiingie katika maji ya chini ya mashamba ya minazi na migomba. Tazama jinsi maji yale yale ambayo mahali pengine huogopwa kuwa yatavidhuru visima, mahali hapa yamefanywa mlinzi wa visima. Ndiyo maana mimi simo pamoja na wanaoyakataa maji haya kwa jina lake tu. Nchi kavu ikiyatupa maji baharini huku ikiyavuta ya chini yakaisha, huo nao ni uharibifu. Khitilafu kati ya mlinzi na mharibifu haimo katika maji peke yake. Imo katika kiasi, na mahali, na kupima.

Katika Jordani, maji ya Amman na Zarqa hukusanywa Khirbet as-Samra, ambako toka 1985 yalisafishwa kwa madimbwi makubwa, na toka 2008 kwa kiwanda cha mitambo. Kisha hufuata bonde la mto Zarqa hatta Bwawa la Mfalme Talal, yakachanganyika na maji ya mvua, yakashuka kwenye mashamba ya Bonde la Jordani. Kwa watu wenye uchache wa maji kama wao, hiyo ni riziki kubwa. Na katika nchi hiyo hiyo, upande wa Dhuleil, visima viliingiwa na chumvi kwa kuvutwa kupita kiasi na kwa maji ya mashamba kushuka chini na kuvutwa tena, mara ya pili na ya tatu, kila mara yana chumvi zaidi. Lilijulikanaje? Kwa kuwa wako watu waliovipima visima mwaka baada ya mwaka, wakaandika.

Na mbali kabisa, Meksiko, liko bonde liitwalo Mezquital, ambalo tangu kufunguliwa Mfereji Mkuu mwaka 1900 limekuwa likipokea maji machafu ya mji mkuu, na kwa zaidi ya miaka mia yakimwagwa mashambani bila ya kusafishwa, katika zaidi ya hekta 80,000. Maji yalishuka mengi hatta chemchemi zikatokea pasipokuwa na chemchemi, na watu wakayanywa. Wenye ilimu waliochunguza hapo walikuta udongo umesafisha mengi kuliko walivyotazamia, na pia yako usiyoyazuia. Ajabu yangu si kwa udongo. Ajabu yangu ni kwa miaka iliyopita watu wakinywa kabla ya mtu yeyote kupima.

Sisi watu wa pwani tukaao juu ya mawe ya matumbawe, tuna la kujua katika haya. Jiwe letu lina nyufa na mapango. Maji hayachujiki ndani yake, hukimbia. Mwenye kuchimba karo na kisima katika ua mmoja asijifariji kwa habari za udongo mzuri wa Meksiko.

Wako watakaosema: kuvichungua visima vya watu na mitaro ya mashamba yao ni kupeleleza, na kupeleleza kumekatazwa. Wanazuoni wetu hawakuliacha hili. Al-Mawardi, Mshafi, aliyefariki mwaka 450 wa Hijria, alipoeleza kazi ya muhtasibu alisema hana ruhusa ya kupekua maovu yasiyodhihirika, illa dalili zikionyesha jambo ambalo likipita halirudishiki, kama uhai wa mtu. Na kisima kilichoingia naitreti na chumvi ni katika yasiyorudishika upesi. Hakioshwi kama nguo, pengine huchukua umri wa watu wawili. Na zaidi ya hayo, maji ya chini si siri ya mtu. Ua wa shamba lako unakwisha juu ya ardhi. Chini yake hapana ua, na yule anayevuta ndoo upande wa pili anavuta yaliyopita kwako.

Nani basi alipe gharama? Si jirani wa chini, kwani hakuna insafu ya kumtwisha aliyedhuriwa gharama ya kuthibitisha madhara yake, tena katika jambo ambalo macho na ulimi havilioni. Wala si mkulima maskini peke yake, aliyepewa maji hayo na serikali kwa kuwa mji ulitaka kuyatupa. Aliye juu zaidi ni yule anayepata faida ya kuyaondoa, nao ni mji na wenye kiwanda. Kisha serikali, kama alivyosema Mawardi kwamba maji ya kunywa ya mji yakiharibika hutengenezwa kwa mali ya Baitulmali. Mkulima juu yake ni asizidishe kupita haja ya mimea, kwani ile kupita desturi iliyotajwa katika mas-ala ya tundu ni yake yeye, na afungue mlango wa shamba kwa wapimaji.

Limebaki jambo moja, nalo aghlabu ndilo linaloharibu yote. Vipimo hufanywa, vikaandikwa, kisha vikafungiwa sandukuni. Husemwa: tukivitangaza, mboga zitashuka bei, watu watafadhaika, watalii hawatakuja. Mimi nauliza: mwenye kuuza ng'ombe mwenye aibu akaificha, hukumu yake ni ipi? Twajua sote. Mnunuzi ana khiari ya kumrudisha, na muuzaji ana dhambi ya kughushi. Na huyo ni ng'ombe, ambaye mnunuzi angeweza kumtazama meno. Je, vipi kwa aibu ambayo mnunuzi hana jicho la kuionea, iliyojulikana kwa kichombo kilicho mkononi mwa muuzaji peke yake? Daftari la visima hivyo ni amana ya wale wanywao. Mahali pake si sandukuni. Ni penye baraza la mji na mlangoni pa msikiti wa kijiji kilicho chini ya mashamba, limeandikwa kwa lugha ambayo mama wa mtoto mchanga anaisoma, au anasomewa: kisima fulani, mwezi fulani, naitreti kiasi fulani, cha kunywa mtoto au si cha kunywa mtoto. Na kipimo kikizidi, asingojewe mwenye shamba akubali kosa lake wala kadhi aamue dhamana ni ya nani. Mtoto apelekewe maji mengine siku ile ile, na daawa ifuate nyuma.